Gunia la sukuma wiki kutoka kwa kikundi cha mtaa: pesa yako inanunua nini?

Pita kwenye vichochoro vya Kibera au Mathare, mitaa ya Nairobi, utaliona: gunia limesimama wima kando ya mlango, limejaa udongo, na majani ya sukuma wiki yamechomoza ubavuni pande zote tangu chini hadi juu. Siku hizi gunia hilo linauzwa likiwa tayari. Vikundi vya vijana na vya kina mama vyenye bustani mtaani hukuletea gunia, udongo na mawe, vikalijaza pale pale unapotaka likae, vikapanda miche na kukuachia maelekezo. Vingine hurudi kulikagua.

Tathmini hii inahusu bidhaa hiyo na huduma inayokuja nayo. Tuseme mapema: kitambaa cha gunia ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapo. Thamani iko katika udongo, katika namna mawe ya katikati yalivyopangwa, na zaidi ya yote katika kikundi chenye kitalu chake na watu wanaorudi. Ukipata hivyo vitatu, lipa bila kusita. Ukikosa kimoja, afadhali ujaze mwenyewe.

Kazi hii ina historia, na historia hiyo inaeleza kwa nini huduma ya kikundi ni bora kuliko ya mchuuzi wa barabarani. Katika makambi ya wakimbizi ya Dadaab na Kakuma, ambako maji ni ya kupimwa, mboga zilipandwa kwenye magunia ili kila kopo la maji lifikie mizizi badala ya kupotelea mchangani. Nairobi, gunia lilishika kasi mwaka 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimefunga njia na kupandisha bei ya chakula, ndipo shirika la Kifaransa la Solidarités likaanza mradi wa magunia Kibera na Mathare kwa kutoa miche ya bure na mafundisho. Mwaka huo huo vijana wa kikundi cha Youth Reform walisafisha jalala kando ya reli Kibera wakaligeuza kuwa shamba la mboga. Kabla ya hapo, tangu 2004, jukwaa la wakulima wa mjini la NEFSALF, lililo chini ya Mazingira Institute, lilikuwa likiwakutanisha wakulima wa Nairobi na maafisa wa kilimo. Kilimo cha mjini kilikuwa jambo la kufukuzana na askari wa jiji kwa miaka mingi, hadi kaunti ya Nairobi ilipopitisha sheria ya kukitambua na kukisimamia mwaka 2015. Vikundi vinavyouza magunia leo vimerithi ujuzi wa kipindi hicho: kitalu kimoja, mafundi wachache, na majirani wanaofundishana. Mchuuzi mwenye magunia 5 kando ya barabara hana hayo.

Sasa tuliangalie gunia lenyewe.

Kipimo cha kawaida ni gunia la kilo 90, lile la mahindi. Likijazwa hubeba kama madebe 6, yaani lita 120, na husimama urefu wa karibu sentimita 90. Likiwa limelowa lina kilo 150 na zaidi. Uzito huo una maana mbili. Kwanza, mahali litakapowekwa siku ya kwanza ndipo litakapokaa hadi mwisho; ukilisukuma, nguzo ya mawe inayopitisha maji ndani huvunjika. Pili, si la kuweka kwenye baraza ya ghorofa ya tatu kwa kubahatisha. Kikundi makini hukuuliza unakaa wapi kabla ya kukutajia bei, na ukisema ghorofani hukupa gunia la kilo 50 lililojazwa nusu, au ndoo.

Kitambaa kina aina mbili. Gunia la plastiki lililofumwa ndilo linalotumika zaidi. La kawaida huanza kuachia nyuzi baada ya miezi 6 hadi 12 ya jua kali, na dalili yake ni unga mweupe unaobaki mkononi ukilisugua. Yapo yaliyotengenezwa kuhimili jua ambayo hudumu misimu kadhaa, na inafaa kuyalipia zaidi. Gunia la katani au juti hupumua vizuri sana lakini huoza sehemu ya chini mapema, na likipasuka ubavu mzima huanguka. Epuka kabisa gunia lililobeba mbegu zilizopakwa dawa. Gunia la mbolea ya dukani linafaa mradi lioshwe vizuri na ule mfuko wa ndani wa nailoni utolewe. Tumeona magunia yaliyoachwa na mfuko huo: maji hayatoki, mizizi hukosa hewa, na ndani ya wiki 3 miche ya chini inanuka uozo. Ingiza kidole kwenye tundu moja kabla ya kulipa. Ukigusa nailoni laini ndani ya kitambaa, likatae.

Udongo ndio unaokula pesa. Mchanganyiko tunaoukubali kwa gunia la kilo 90 ni madebe 3 ya udongo mwekundu, debe 1 na nusu la samadi iliyooza, na nusu debe ya mchanga wa mtoni. Mawe huchukua sehemu iliyobaki. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Embakasi na Kitengela, haufai peke yake: ukilowa huvimba na kubana, ukikauka hupasuka na kujitenga na kitambaa, na maji yote hukimbilia ufa huo hadi chini. Kama ndio pekee unaopatikana, ongeza mchanga hadi debe 1 na samadi hadi madebe 2, upunguze udongo wenyewe ubaki madebe 2.

Samadi mbichi ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote. Ng'ombe au mbuzi, isiwe chini ya miezi 3 tangu irundikwe. Chota konzi, ifinye: iliyoiva haina joto, inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua, na huwezi kutambua majani ya nyasi ndani yake. Ikiwa ina joto au inachoma pua, itaunguza mizizi. Kingo za majani zitageuka hudhurungi ndani ya siku 10, na funza watafuata. Samadi ya kuku ni kali zaidi. Hata iliyooza, tumia nusu ya kipimo hicho.

Halafu uliza udongo umetoka wapi, na usione haya kuuliza. Udongo wa jalala, wa kando ya barabara kuu, au wa karibu na karakana za betri na rangi unaweza kuwa na risasi na madini mengine mazito. Mboga za majani huyavuta, na mengine hukaa juu ya jani kama vumbi. Kikundi kikikujibu "ni udongo mzuri tu", bila kutaja mahali, hilo si jibu.

Tukifika kwenye mawe, hapa ndipo fundi anapojulikana. Katikati ya gunia, tangu chini hadi juu, lazima kuwe na nguzo ya mawe yenye upana wa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Nguzo hiyo ndiyo bomba la maji. Inajengwa hivi: gorogoro iliyokatwa pande zote mbili husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe yenye ukubwa wa yai, udongo humwagwa kuizunguka hadi ukaribie ukingo wa kopo, hushindiliwa kidogo kwa mkono, kisha kopo huvutwa juu polepole na kuacha mawe mahali pake. Hujazwa tena, huvutwa tena, hadi juu. Gunia moja huchukua mizunguko 6 au zaidi, na fundi mwenye subira hutumia kama saa 1.

Fundi mwenye haraka hujaza udongo wote kisha akachimba shimo katikati na kumwaga kokoto. Kwa macho, magunia hayo mawili hayana tofauti. Tofauti utaiona baada ya wiki 4: maji yanatuama juu, safu za juu zimestawi, na miche ya chini imenyauka ingawa unamwagilia kila siku. Kokoto ndogo zenye vumbi huleta hali ile ile, kwa kuwa vumbi hugeuka tope na kuziba. Kuna jaribio rahisi siku ya kukabidhiwa. Mwaga lita 5 polepole juu ya mawe na uhesabu dakika. Maji yanapaswa kuzama bila kutuama, na ndani ya dakika chache kitambaa cha chini kianze kuwa na unyevu pande zote. Yakitokea upande mmoja tu, nguzo imepinda. Yakitoka yote chini kwa mkupuo kama bomba lililofunguliwa, udongo haukushindiliwa. Usilipe malipo ya mwisho kabla ya jaribio hili. Nguzo iliyoziba kidogo hufunguliwa kwa kuchomekwa chuma chembamba cha urefu wa mita 1, lakini iliyopinda haina dawa ila kumwaga gunia lote na kuanza upya.

Kuhusu idadi ya miche, wauzaji hupenda kutangaza 50 au 60 kwa gunia moja. Tunashauri usikubali. Mzunguko wa gunia lililojaa ni kama sentimita 125. Ukiacha sentimita 20 kati ya mche na mche, unapata matundu 6 kwa safu. Safu 4 zinakupa 24, na juu unaweza kuongeza 5. Jumla ni 29. Ukizidisha, kila mche unapata udongo usiofika lita 3, na unachovuna ni majani ya ukubwa wa kiganja cha mtoto yanayogeuka manjano mapema. Matundu yapishane, la safu ya juu lisiwe moja kwa moja juu ya la chini. Yakatwe kwa mkato mmoja wa sentimita 3 au 4 uliolala. Mkato wa msalaba humwaga udongo kila unapomwagilia, na kitambaa huendelea kuchanika kutoka kwenye pembe zake.

Safu ya kwanza ianze sentimita 30 kutoka ardhini kama kuna kuku mtaani. Ikianzia chini zaidi, safu nzima ni ya kuku. Mbuzi ni jambo jingine. Hapo ni waya au hakuna gunia.

Mche wa kupandikiza uwe na wiki 4 hivi na majani 4 hadi 6, shina nene kama penseli ya mtoto. Mwangalie anayepanda. Tundu lisukumwe kwa kidole kuelekea ndani na chini kidogo, mzizi uingie ukiwa umenyooka, kisha udongo ubanwe. Mzizi uliokunjwa kuelekea nje huacha mche ukiwa hai lakini umedumaa kwa wiki nyingi, na mwenye gunia hudhani tatizo ni mbolea. Upandaji ufanywe jioni, na siku 3 za kwanza gunia litundikiwe kipande cha gunia kuukuu upande wa jua la mchana.

Gunia linahitaji jua la saa 6 kwa siku. Kwenye ploti zilizobanana upande mmoja mara nyingi hauoni jua kabisa, na kikundi kinachojua kazi hakipandi sukuma hapo; hupanda dania, mnanaa au kitunguu cha majani. Kwa upande wa jua, mchanganyiko unaotupendeza ni sukuma wiki 14 na spinachi 10 ubavuni, na managu juu, kwa kuwa managu hurefuka na ingefunika wenzake ikiwa chini. Dania hukatwa na kuisha haraka, hivyo usiipe nafasi nyingi.

Maji: wakati wa kiangazi, lita 5 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Sehemu kubwa imwagwe juu ya mawe, iliyobaki juu ya udongo. Mtungi wa lita 20 basi unakwenda siku 4, na kwa mtaa unaonunua maji kwa mtungi hesabu hiyo iingie kwenye gharama kabla hujaamua idadi ya magunia. Maji ya kuoshea mboga, mchele au nafaka yanafaa sana. Ya kufulia nguo kwa sabuni ya unga hayafai. Chumvi yake hujilimbikiza na kuonekana kama ukoko mweupe kwenye kitambaa. Maji ya mtaro au ya mto wa jiji yasikaribie gunia hata siku moja, kwa sababu majani haya yanaliwa na watoto.

Mavuno huanza wiki 4 hadi 6 baada ya kupandikiza. Chuma majani ya chini, 2 kwa mche kwa wiki, ukiacha 4 au 5 ya juu. Kwa gunia lenye hali nzuri hiyo ni kama majani 45 hadi 50 ya sukuma na spinachi kwa wiki, yanayotosha mlo wa jioni mara 2 au 3 kwa nyumba ya watu 4. Muuzaji akikwambia gunia 1 litakuondoa sokoni, anakudanganya. Magunia 3 ndiyo huanza kupunguza kweli pesa ya kibandani.

Wadudu wanaosumbua ni vidukari na viwavi vidogo vya kijani. Vidukari hukaa chini ya jani na kulikunja. Kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, kinyunyizwe chini ya majani jioni na kusuuzwa asubuhi, kwa siku 3 mfululizo, huwatosha. Viwavi viokote kwa mkono. Kwenye miche 29 ni kazi ya dakika 5. Ukiona doa la manjano lenye umbo la V likianzia ukingoni mwa jani na mishipa yake kuwa myeusi, huo ni uozo mweusi, na hauna dawa. Ng'oa mche wote, uuchome, wala usiutupe kwenye mboji.

Hapa ndipo huduma ya kikundi inapopita ya mchuuzi kwa mbali. Mche ukifa wiki ya pili, kikundi chenye kitalu hukuletea mwingine wa umri ule ule. Mchuuzi hana. Kitalu kizuri utakitambua kwa miche yenye tarehe iliyoandikwa kwenye kijiti, kivuli cha wavu juu, na zaidi ya aina 3 za mboga. Kikundi kizuri pia hutengeneza mboji yake kutokana na mabaki ya soko, na kuzoa huko taka za mboga ni faida kwa mtaa mzima hata kwa asiyenunua gunia. Vipo vinavyopeleka magunia kwenye shule za mtaa na kuwafundisha wanafunzi kuyajaza. Mama mwenye gunia leo ndiye anayemsaidia jirani kesho kuvuta gorogoro, na bei ya kikundi inalipia mafunzo hayo pia. Tunaiona ni bei ya haki.

Kasoro za vikundi zipo na tuziseme. Ziara ya kurudi huahidiwa kwa maneno tu. Omba iandikwe, angalau mara 2, wiki ya 2 na wiki ya 6. Wengine hukutoza kwa "gunia" bila kutaja madebe ya udongo, ukaletewa lililojaa robo tatu. Hesabu madebe yakimwagwa. Udongo pia hushuka sentimita 10 hivi mwezi wa kwanza, kwa hiyo nusu debe ya kujazia iwe ndani ya bei. Na miche ya msimu wa mvua kubwa hugombaniwa: ukihitaji gunia Aprili, weka oda Februari.

Kuna bidhaa shindani. Koni za karatasi nzito ya plastiki hudumu miaka zaidi na hazihitaji mawe, ila zinataka eneo la mita 1 kwa mita 1, ambalo vichochoro vingi havina. Mifuko iliyoshonwa vijimfuko ubavuni inapendeza machoni, lakini vijimfuko vile vinabeba udongo kidogo na hukauka kabla ya saa 8 mchana. Kampala, kituo cha Kyanja cha mamlaka ya jiji huonyesha aina nyingi za bustani hizi kwa pamoja, na mtu wa huko anaweza kuzilinganisha kwa macho kabla ya kununua.

Baada ya miezi 8 hivi udongo huchoka: majani yanakuwa madogo, mashina marefu na makavu. Huna haja ya kununua gunia jipya lote. Chana kitambaa, mwaga udongo juu ya turubai, uuache juani siku 3, kisha changanya debe 1 la samadi iliyooza kwa kila madebe 3 ya udongo wa zamani. Mawe yaoshwe na kurudishwa. Msimu huo wa pili panda kunde au terere ubavuni badala ya sukuma, ili magonjwa ya sukuma yaliyobaki ardhini yakose chakula. Kikundi kinachofanya kazi hii kwa bei ya samadi, kitambaa na miche pekee ndicho cha kushikamana nacho.